Mwambieni Daktari Habari ya Kopo

Kijana atakayeniambia tena kwamba alimficha daktari jambo "kwa heshima ya familia", nitamwuliza heshima hiyo inapikwa na nini. Nimechoka kulisikia neno hilo. Nimelisikia sokoni, nimelisikia nje ya msikiti, nimelisikia ndani ya nyumba yangu kutoka kwa mwanangu niliyemsomesha mwenyewe. Na kila nikilisikia, kuna mtu anaumia kimya huku wengine wanalinda sura zao.

Mimi nilikuwa dalali wa ngamia hapa Garissa. Nasema nilikuwa kwa sababu kifua changu kimelikataa vumbi la soko, si kwa sababu kuna mtu alinifukuza. Shule niliiona kidogo. Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa, nikarudi kwa ngamia, ambao wana tabia mbaya nyingi lakini hawashiki fimbo. Kiswahili nilikiokota kwa wanunuzi kutoka bara, neno moja kwa mnyama mmoja, mpaka nikaweza kugombana nacho. Kiingereza sikukihitaji. Kwa mdomo huu nimejenga nyumba ya mawe na kulea watoto ambao leo wanafanya kazi kwenye ofisi zenye feni. Kwa hiyo siombi kusikilizwa. Nawaambia tu, nyinyi mnaoanza udalali na simu mbili mbili mfukoni, na hata nyinyi ambao hamtashika kamba ya ngamia maisha yenu yote. Kila nyumba ina mama, na jambo hili halichagui nyumba.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Watu wa ofisi hudhani dalali ni mtu wa kula katikati. Si hivyo. Muuzaji ametoka Griftu au Buna, anajua Kisomali peke yake, na hamwamini mtu yeyote aliyevaa suruali. Mnunuzi ametoka bara, anajua Kiswahili, na hamwamini ngamia. Wewe umesimama kati yao na ndiwe ulimi wao wote wawili. Ulimi ukipinda kidogo tu, kuna mtu atarudi kwake na mnyama asiyefaa au na hasira isiyoisha.

Bei tunaifanya chini ya shuka. Unamshika mwenzako mkono, mnafunika, vidole vinazungumza. Ukibana kidole hiki ni hivi, ukikunja kile ni vile, na watu wote waliowazunguka hawaoni kitu. Bei ni siri ya wawili, sawa. Lakini kasoro ya mnyama haiingii chini ya shuka hata siku moja. Kasoro inatamkwa kwa sauti, watu wakisikia, kabla mikono haijashikana. Huyu alitupa mimba. Huyu alikohoa wakati wa mvua. Huyu alidungwa sindano juzi, asichinjwe kwanza. Dini imesema hivyo, na soko nalo limesema hivyo, na hayo mawili hayakubaliani kwa mambo mengi.

Aliyenifundisha alikuwa mzee Guleid, mtu mfupi mchokozi aliyekula ndimu kama wengine wanavyokula tende. Siku moja aliletewa ngamia jike mzuri sana kutoka upande wa Buna. Mwenyewe alimpaka mafuta mpaka akang'aa. Guleid hakutazama meno, hakutazama nundu. Alikwenda moja kwa moja kifuani, akasugua mafuta kwa kiganja, na chini yake tukaona alama za kuchomwa moto, mbichi bado. Nyinyi wa mjini labda hamjui: mnyama akiugua kwetu huchomwa kwa chuma cha moto, na mahali pa alama panakwambia ugonjwa. Nyonga ni kuchechemea, kifua ni kikohozi.

"Huyu alikuwa anakohoa," Guleid akasema kwa sauti ya soko zima.

"Alikohoa, akapona," mwenye ngamia akajibu.

"Kama alipona, mafuta ya nini?"

Watu wakacheka. Yule bwana aliuza ngamia wake siku hiyo hiyo, na kwa bei isiyo mbaya, maana mnunuzi alishajua anachonunua. Guleid akanigeukia akaniambia kuwa alama ya moto haijawahi kumwogopesha mnunuzi, kinachomwogopesha ni mafuta.

Na alikuwepo mwenzetu mmoja tuliyemwita Sukari, kwa sababu hakuweza kupitisha neno chungu. Muuzaji alimwambia, "Mwambie mnunuzi huyu dume anauma." Sukari akageuka kwa mnunuzi, akatabasamu, akasema, "Anasema meno yake ni mazuri." Mnunuzi akafurahi, akalipa, akainama kufungua kamba. Bega lake lilishonwa hospitali. Sukari alipoulizwa akasema hakutaka kuharibu biashara. Tulimcheka miaka mingi. Sikujua kwamba nilikuwa nimemzaa Sukari wangu mwenyewe.

Sasa nije kwa mke wangu.

Habiba alianza kwa kulalamika kwamba anjera, ule mkate wetu mwembamba, inamkwama. Tukasema ni ukavu, ongeza chai. Akaongeza chai. Baadaye anjera ikashindikana, akawa anakunywa uji na maziwa, na yeye ni mwanamke ambaye alikuwa anamaliza kula kabla yangu halafu ananitazama sahani. Hospitali wakamwingiza mpira wenye kamera kooni, wakachukua kipande cha nyama, wakasema ni kansa ya koo la chakula. Hospitali gani sitasema, sikuandika haya ili kumshtaki mtu.

Jina la ugonjwa nilimwambia Habiba siku hiyo hiyo. Ndugu zake walinikasirikia. Walitaka aambiwe ni kidonda. Nikawaambia koo ni lake.

Kaka yake mkubwa, shemeji yangu Mohamud, anakaa Griftu na ngamia wake. Anampenda dada yake kupita mtu yeyote ninayemjua, na mtu akiyasoma haya asimdhanie vingine. Aliposikia alipanda gari akaja na dumu la maziwa ya ngamia na chupa ya mkojo wa ngamia, achanganyiwe anywe asubuhi. Akaja na habasoda, zile mbegu nyeusi. Akamleta mzee wa kuchoma moto, na Habiba akachomwa alama mbili kifuani, akauma shuka asipige kelele. Halafu, hayo yote yakiwa hayajatosha, akaja na kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya mtoto, karatasi yake imebanduliwa. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia wenye harufu ya majani na kitu kingine kama betri. Ulitoka kwa bwana mmoja aliyejifanyia makao Mandera, anayejiita sheikh, ambaye huwatumia watu sauti yake kwenye simu akilia machozi na kusimulia wagonjwa aliowaponya. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja usiku, na asikose hata mara moja, akikosa ugonjwa utarudi na nduguze.

Nilimwuliza Mohamud, "Kilichomo ni nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Shemeji, wewe ukiuziwa mbuzi unauliza alikula majani gani?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yangu."

Lakini Habiba alishika kopo lile kwa mikono miwili. Mtu anayezama humnyang'anyi kamba hata kama hujui imefungwa wapi. Akaendelea kunywa. Macho yake yakaanza kuwa ya manjano, na sisi tukasema ni ugonjwa.

Siku ya kupangiwa dawa za kansa tuliingia watatu kwa daktari: mimi, Habiba, na mwanangu Yusuf. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Mkamba, anaitwa Mutheu. Habiba hajui Kiswahili zaidi ya salamu na bei ya nyanya. Yusuf akasema, "Aabo, wacha mimi nizungumze naye, kwa Kiingereza tutaelewana haraka." Nikamwacha. Nimemsomesha kwa nini kama si kwa siku kama ile?

Wakazungumza. Daktari anatazama kompyuta, Yusuf anatazama daktari, mimi natazama nyuso zao. Kiingereza sikijui lakini miaka yote ile sokoni nimesoma nyuso za watu wanaouza. Wakati mmoja daktari aliuliza swali fupi, na Yusuf akajibu "no" kabla swali halijafika mwisho. Hilo neno nalijua. Na ule mwendo wa kujibu naujua zaidi. Ni mwendo wa mtu aliyepaka mafuta.

Baada ya hapo daktari akasema maneno marefu, polepole, na huzuni ikamwingia usoni. Akamshika Habiba mkono. Tukatoka.

Kwenye baraza Yusuf akatueleza. Damu inaonyesha ini limeharibika. Daktari anafikiri huenda kansa imefika huko. Kwa ini lile hawezi kumpa dawa za kansa, zitamwua mapema. Watampa dawa za maumivu, arudi nyumbani. Habiba alisikia, akakaa kwenye benchi, akaanza kunyoosha ukingo wa mtandio wake kwa vidole kana kwamba ulikuwa na kazi.

Nikamvuta Yusuf pembeni.

"Lile swali fupi. Alikuuliza nini?"

"Lipi?"

"Lile ulilolijibu haraka."

Akatazama chini. "Aliuliza kama hooyo anatumia dawa za kienyeji. Majani, unga, vitu kama hivyo."

"Ukasema hapana."

"Nikasema hapana."

"Kwa nini?"

"Aabo, wewe hujui hawa watu wanavyotutazama. Mimi nimesoma nao. Bweni zima waliniita Mkojo wa Ngamia mpaka nikamaliza shule. Sasa nikae mbele ya daktari, niseme mama yangu anakunywa mkojo na amechomwa moto kama mnyama? Tutaonekana washamba. Nililinda heshima yetu."

Wallahi, mkono wangu uliinuka. Ukashuka wenyewe, labda kwa sababu nilimwona kijana wa bwenini pale na si mtu mzima mwenye tai. Lakini hasira ile ninayo mpaka leo, naiandikia. Hasira kwa waliomwita mwanangu jina lile. Hasira kwake, kwamba alibeba kinyaa cha watoto wajinga mpaka akakimwaga kwenye damu ya mama yake. Muuzaji anaweza kupoteza mnyama kwa uongo. Huyu alikuwa anapoteza mama na bado anaona amefanya adabu.

"Utarudi ndani," nikamwambia.

"Daktari ana mgonjwa mwingine."

"Tutasimama mlangoni basi. Mimi nimesimama juani kwa ajili ya dume la ngamia, siwezi kusimama kivulini kwa ajili ya mama yako?"

Tukasimama. Mgonjwa wa ndani alipotoka niliingia bila kuitwa, Habiba nyuma yangu, Yusuf nyuma yake akitembea kama mkia. Kopo lilikuwa ndani ya kikapu cha Habiba, maana mwenye dawa aliagiza kijiko cha adhuhuri kisipite. Nikalitoa nikaliweka juu ya meza ya daktari, karibu na kompyuta yake.

"Daktari, ulimwuliza kijana swali, akakudanganya. Huyu mama anakunywa hii mara tatu kwa siku. Anakunywa maziwa ya ngamia na mkojo wa ngamia. Anakunywa habasoda. Anasomewa Kurani. Na amechomwa moto hapa na hapa. Hayo ndiyo yote. Kama kuna la kucheka, cheka sasa, halafu tufanye kazi."

Hakucheka. Alifungua kopo, akanusa, akalirudisha mbali na pua. Aliponigeukia alikuwa amekasirika kuliko mimi.

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

"Mzee, mimi nilikuwa namrudisha mke wako nyumbani kufa. Unaelewa? Nimeliona ini hili nikafikiri kansa imesambaa. Inawezekana ni kansa. Inawezekana ni hili kopo. Sijui, kwa sababu niliambiwa hakuna kopo."

"Na wewe," nikamwambia, "kwa nini ulimwuliza kijana? Mgonjwa ni huyu. Umeuliza kwa lugha asiyoijua, ukitazama kioo. Ungemgeukia yeye, hata kwa ishara, angekuonyesha kikapu. Hakuwa amekificha. Kilikuwa magotini pake."

Yusuf akanong'ona, "Aabo, polepole."

Daktari akasema, "Hilo ni kosa langu, mzee. Nimelipokea." Akasukuma kompyuta pembeni, akavuta kiti chake mpaka karibu na Habiba. "Wewe utatafsiri?"

"Ndiyo kazi yangu," nikamwambia. "Sema, nitapitisha kama ilivyo."

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na ndiyo ninayotaka muyajue, vijana, kwa sababu wengi wenu mnadhani ukimtajia daktari dawa ya nyumbani atakufukuza au atavunja kila kitu. Tulipitia kimoja kimoja. Maziwa ya ngamia akasema endeleeni, tena mengi, kwa sababu anaweza kuyameza na yana nguvu, lakini yachemshwe. Habiba akasema maziwa ya ngamia yakichemshwa yanapoteza ladha. Nikatafsiri. Daktari akasema, "Mwambie akipona ayanywe anavyotaka, sasa hivi mwili wake hauna askari." Kusomewa Kurani akasema, "Hiyo msiache, na mimi nitamwombea kwetu kanisani kama haitamkera." Habiba akasema haimkeri, msaada ni msaada. Habasoda akasema aiweke kando kwanza mpaka damu ipimwe tena, kisha wataizungumzia. Hakusema ni upuuzi. Mkojo akasema hapana, unaweza kubeba maradhi ya mnyama, na dawa za kansa zitampunguzia kinga. Moto akasema hapana kabisa, kwa sababu hiyo hiyo, kidonda kinaweza kuoza. Akaomba kuziona zile alama mbili, tukageuka ukutani mimi na Yusuf, akaziangalia na kuzipaka dawa.

Likabaki kopo.

"Hiki siwezi kusema ni kizuri wala kibaya," akasema. "Sijui kilichomo. Na kitu nisichokijua siwezi kukichanganya na sumu ninayoijua, maana dawa zangu nazo ni sumu, mzee, zinapimwa tu. Mnamjua aliyekitengeneza?"

Nikampigia Mohamud, akanipa namba. Nikampigia yule wa Mandera, simu juu ya meza, sauti imefunguliwa. Alipokea kwa sala ndefu sana.

"Sheikh," nikamwambia kwa Kisomali, "mimi ni mume wa mgonjwa wako wa Garissa. Daktari anauliza dawa yako ina nini."

"Ina baraka."

"Na kingine?"

"Hiyo ni siri ya ukoo. Nilirithi."

"Mimi ni dalali. Ukoo wa mtu siuulizi. Nauliza unga."

"Madaktari ni maadui wa dawa hii. Mgonjwa akichanganya na dawa zao, lawama si yangu."

"Na asipochanganya akifa?"

"Basi imani ya nyumba yenu ilikuwa haba."

Nikamtafsiria daktari hayo yote, pamoja na baraka. Naye Habiba alikuwa amesikia mwenyewe kwa lugha yake. Alinyoosha mkono akachukua kopo, akalifunga kifuniko, akaliweka sakafuni na kulisukuma kwa mguu chini ya meza, pale panapowekwa ndoo ya taka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Ninasema tena kwa hasira: muuzaji asiyekuruhusu kufungua mdomo wa mnyama wake anajua kilichomo mdomoni. Hamna haja ya shule kulijua hilo. Dawa ya nyumbani siitukani. Mama yangu alitutibu sisi wote kwa mizizi, na kila mzizi aliutaja jina na kuuonyesha mti wake. Ninayemtukana ni yule anayeuza siri kwa watu wenye hofu, halafu mtu akifa analaumu imani ya marehemu.

Mohamud alikuja baada ya siku chache, amevimba. Hakukaa.

"Umemkabidhi dada yangu kwa watu wa bara," akasema.

"Nimemkabidhi daktari habari zake. Dada yako bado yuko chumbani, nenda umsalimie."

"Na dawa niliyohangaika kuileta?"

"Wewe ulihangaika, yule wa Mandera hakuhangaika. Mwulize kilichomo, akikwambia, mimi mwenyewe nitamnywesha dada yako kwa kijiko."

Alimpigia simu pale pale, uani, akizunguka. Sikusikiliza, lakini nilimwona akisimama, kisha akasimama tuli kabisa. Aliporudi aliuliza kama kuna maziwa yanayotakiwa kuchemshwa. Akawasha jiko mwenyewe, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, akapuliza makaa mpaka macho yakamtoka machozi, na tukakubaliana wote kwamba ni moshi.

Manjano ilipungua machoni. Damu ikapimwa tena, ikapimwa tena. Ini likatulia. Wakampiga picha nyingine, na ini halikuwa na kansa. Ilikuwa kooni, na kwenye tezi za karibu, lakini ini lilikuwa safi. Lilikuwa linapigana na kopo tu.

Msidhani basi hadithi imekwisha vizuri na mimi nimekaa nikijisifu. Nyinyi mkipata ushindi mdogo huwa mnapiga picha.

Tuliitwa tena kabla ya kuanza dawa. Daktari Mutheu alikaa mbele ya Habiba, kompyuta imezimwa. Yusuf akasema safari hii atatafsiri yeye, na atasema kila kitu, ameniahidi. Habiba akakataa. Akasema, "Huyu mzee wa soko atatafsiri. Wewe mwanangu bado una huruma nyingi."

Akanigeukia. "Mwulize nitapona?"

Nikamwuliza daktari. Nimetafsiri maneno mengi maishani. Nimetafsiri matusi ya watu wazima, nimemtafsiria mtu talaka mbele ya ngamia arobaini. Swali lile lilipita vizuri. Jibu ndilo lililokuwa na uzito.

Daktari hakutazama pembeni. Alisema, kwa Kiswahili rahisi ili kisinipotee: kansa hii imeshafika kwenye tezi, na kuiondoa yote hataweza. Hatapona kabisa. Lakini wataweka mrija mdogo wa kufungua koo, na dawa na mionzi vitaipunguza, na ataweza kumeza tena, na atapata muda. Muda kiasi gani hajui, na hatamdanganya kwa kutaja. Akitaka kuanza, wataanza. Akitaka kukaa nyumbani bila dawa hizo, watamtunza nyumbani wasimwache na maumivu. Uamuzi ni wake.

Kisha akanisubiri mimi.

Yusuf alinitazama. Nilijua anachowaza, na alikuwa na haki ya kukiwaza. Njia ilikuwa wazi kabisa. "Hatapona kabisa" ningeweza kuifanya "atapona polepole." Ni neno moja tu, Habiba asingejua, na mimi ningelala usiku ule. Sikuwahi kumwelewa Sukari mpaka dakika ile. Si kwamba alikuwa mwongo. Neno lilimwelemea mdomoni.

Nikalisema. Nilimwambia Habiba kwa Kisomali, polepole, kama nilivyopewa: hutapona kabisa. Nikaendelea na mrija, na dawa, na mionzi, na kumeza, na muda usiojulikana, na nyumbani, na maumivu, na uamuzi. Sikuongeza na sikupunguza. Sauti yangu haikuwa ya soko.

Habiba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kumeza ni pamoja na anjera. Daktari akasema ndiyo, ikilowekwa. Akafikiri. Nje kulikuwa na watu wanaitwa majina, na yeye alifikiri kana kwamba hakuna anayengoja.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Mwambie aanze. Mwambie Mungu amlipe kwa kunitazama usoni. Na umwambie huyu anayetafsiri apewe kiti, kwa sababu amepauka uso na akianguka hapa mimi siwezi kumwinua."

Daktari aliniangalia, akingoja.

Nikatafsiri yote, neno kwa neno, mpaka kiti.